Je, nisubiri mkao uwe kamili ndipo niongeze uzito?

*"Habari za kazi, mwalimu. Nina miaka 36 na tangu nimalize shule sikuwahi kushiriki mchezo wowote. Nilianza kunyanyua vyuma kama wiki kumi zilizopita. Sina kocha, najifunza kwa video, na kila video ina lake: magoti yasipite vidole vya miguu, mgongo unyooke, tazama juu, usitazame juu. Kwa hofu ya kuumia, wiki sita za mwanzo nilichuchumaa na fimbo ya mbao tu. Sasa nachuchumaa na chuma kitupu, kisicho na sahani za uzito, na dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni hadi nisimame wima, nafanya kwa chuma chenye sahani ndogo za kilo 5 kila upande. Najirekodi kila seti, yaani kila fungu la marudio, na kila nikitazama naona kosa jipya: mara nimeinama mno, mara goti limecheza, mara mgongo umejipinda. Kesho yake baada ya dedilifti mgongo wa chini unachoka sana, ingawa haunichomi. Kuna kaka pale jimu ameniambia niachane na vyuma, nitumie mashine mpaka nijue mkao sahihi. Je, nisubiri mkao uwe kamili ndipo niongeze uzito? Na huu mgongo unaochoka, ndiyo nimeanza kuumia?"*

Nzuri, dada yangu, na ahsante kwa kueleza kwa kina. Nikujibu kwanza yale mawili ya mwisho, maana najua ndiyo yanayokunyima raha. Usisubiri mkao uwe kamili. Na mgongo wako, kwa jinsi ulivyoueleza, unaelekea kuwa umechoka tu. Dalili za kuumia ni nyingine na nitazitaja. Isitoshe, katika maelezo yako kuna jambo dogo ambalo nadhani ndilo linaloufanya uchoke kuliko inavyostahili. Nitalifikia.

Chini ya maswali yako yote kuna hofu moja: kwamba upo mkao mmoja tu ulio salama, na ukiukosa hata kidogo mgongo utakatika. Sishangai unayo, kwa sababu mazoezi haya hufundishwa hivyo mara nyingi, kwa vitisho. Lakini uti wa mgongo ni kiungo kilichoumbwa kuinama, kujisokota na kubeba. Kinachouumiza zaidi ni kupewa mzigo ambao haujauzoea: uzito ulioruka ghafla, marudio mengi mno kwa siku moja, au kurudi kwenye uzito wa zamani baada ya kupumzika miezi. Mkao una nafasi yake, na nitauzungumzia sana hapa chini. Ila anayeongeza uzito taratibu huku mkao wake una kasoro ndogondogo mara nyingi yuko salama kuliko mwenye mkao wa kupigiwa picha anayeongeza kilo 20 kwa sababu leo anajisikia vizuri.

Basi mkao mzuri ni upi? Mimi hutazama mambo matatu. Chuma kipite njia ileile katika kila rudio. Uzito ukae juu ya katikati ya unyayo wako, usikimbilie vidoleni wala kisiginoni. Na wewe ndiye ukiongoze chuma, kikishuka na kikipanda, kisije kikakuvuta. Mtu akitimiza hayo matatu, sina haja ya kumlinganisha na mtu wa kwenye video, kwa sababu mifupa yao hailingani.

Hili la mifupa watu hulipuuza sana. Unapochuchumaa na chuma mabegani, lazima kibaki juu ya katikati ya unyayo, vinginevyo utaanguka. Mwenye mapaja marefu, nyonga zake zinaposhuka zinasogea mbali sana nyuma, kwa hiyo kifua hakina budi kwenda mbele ili mizani isipotee. Mwenye mapaja mafupi na kiwiliwili kirefu atashuka akiwa karibu wima. Wote wawili wanachuchumaa sawasawa. Ukimlazimisha yule wa kwanza afanane na wa pili, ataanguka chali au atainua visigino. Unaposema "nimeinama mno", nakuuliza: chuma kilikuwa wapi? Kama kilibaki juu ya unyayo na ukapanda bila nyonga kutangulia, hukuinama mno. Uliinama kadiri miguu yako inavyodai.

Mmarekani Lamar Gant alikuwa na uti wa mgongo uliopinda pembeni, hali ambayo ingewafanya watu wengi wamkataze hata kuinua ndoo. Mwaka 1985, akiwa na uzito wa mwili wa takriban kilo 60, alinyanyua dedilifti ya takriban kilo 300, akawa mtu wa kwanza kunyanyua mara tano ya uzito wake. Sikwambii ukajaribu hivyo. Nakwambia kwamba mwili hujijenga kulingana na kazi unayoupa, hata mwili ambao kwenye picha ungeonekana una kasoro.

Na kama unadhani wataalamu wanakubaliana kuhusu mkao, tazama yaliyoikuta Olimpiki. Hadi michezo ya Munich ya mwaka 1972, mashindano ya kunyanyua uzito yalikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa kwa nguvu za mikono. Wanyanyuaji walizidi kuegemea nyuma, na majaji wakashindwa kuhukumu kwa usawa nani ameegemea kupita kiasi. Baada ya Munich mnyanyuo huo ukafutwa. Watu waliosomea kazi ya kutazama mkao walishindwa kuuhukumu mbele ya macho yao. Wewe usijiadhibu kwa kutouelewa kwenye simu baada ya wiki kumi.

Sasa tuyachambue maagizo yaliyokuchanganya.

Magoti yasipite vidole vya miguu. Agizo hili lina chembe ya ukweli, kwani kadiri goti linavyosogea mbele ndivyo linavyobeba zaidi. Ila mzigo unaouondoa gotini haupotei hewani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, wanaume waliozoea mazoezi walichuchumaa kwa uhuru, na pia wakiwa wamewekewa kizuizi cha ubao mbele ya miguu ili magoti yasipite vidole. Kazi ya goti ilipungua kwa takriban asilimia 22. Kazi ya nyonga iliongezeka zaidi ya mara kumi, kwa kuwa walilazimika kuinama mbele mno. Goti zima, lisilouma, halina ubaya likipita vidole, na kwa watu wengi litapita tu wakishuka chini vya kutosha. Cha kuangalia ni kisigino kibaki sakafuni na goti lielekee upande uleule vidole vinakoelekea.

Goti lako "linapocheza", tofautisha mambo mawili. Likitikisika kidogo unapotoka chini na kurudi mahali pake, huo ni mwili unajifunza, uache. Likiporomokea ndani kila rudio na kuzidi kadiri seti inavyoendelea, basi uzito umezidi nguvu ulizonazo siku hiyo, au miguu umeisimamisha karibu mno. Tanua kidogo ujaribu tena.

Mgongo unyooke. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu husikia "unyooke" wakaelewa "usimame wima". Kwenye dedilifti mgongo lazima uelekee mbele, la sivyo mikono haifiki kwenye chuma. Kinachotakiwa ni umbo la mgongo lisibadilike sana katikati ya kazi: jinsi ulivyo chuma kinapoacha sakafu ndivyo uwe kinapofika gotini na kinapofika pajani. Mkunjo mdogo usiobadilika hunisumbua kidogo sana. Mgongo unaoanza umetulia kisha unajikunja zaidi na zaidi chuma kikiwa hewani hunisumbua sana, kwani hapo misuli imezidiwa na mzigo unahamia kwingine.

La kutazama juu au chini halistahili kukukosesha usingizi. Chagua doa sakafuni mita mbili au tatu mbele yako, ulitazame tangu mwanzo hadi mwisho. Usigeuze shingo kujitazama kwenye kioo cha pembeni ukiwa umebeba chuma.

Kuna mambo mawili ya ndani ambayo ukiyaelewa, maagizo mengi ya video yatajipanga yenyewe. La kwanza ni umbali. Beba ndoo ya maji ukiibana kwenye paja, kisha uinyooshe mbele kwa urefu wa mkono: maji ni yaleyale, lakini mgongo unajua tofauti. Mzigo unaoubeba mgongo wako ni uzito wa chuma ukizidishwa kwa umbali wake kutoka nyongani na kwenye pingili za chini. Kwenye dedilifti, chuma kikienda mbele ya miguu kwa sentimita tano tu, mgongo unafanya kazi kubwa zaidi bila wewe kuongeza hata gramu. Ndiyo maana tunasema chuma kiuparaze mguu.

La pili ni pumzi. Kabla ya kila rudio vuta hewa iende tumboni, mbavu zitanuke pande zote mpaka kiunoni, kisha kaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga konde. Kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinashuka, misuli ya tumbo na ya chini ya nyonga inabana, na shinikizo linalojengeka ndani ya tumbo linaufanya uti wa mgongo uwe imara kutoka mbele, si kwa misuli ya nyuma peke yake. Zuia pumzi unapopita sehemu ngumu, itoe ukikaribia juu, vuta nyingine. Mtu akija kwangu na malalamiko ya mgongo kuchoka, hili ndilo la kwanza ninaloangalia, na mara nyingi sana nakuta anapumua kifuani huku tumbo limelegea. Shinikizo la damu hupanda kwa muda mfupi unapozuia pumzi hivyo. Kwa mtu mzima asiye na maradhi halina tatizo. Mwenye presha isiyodhibitiwa, mjamzito, mwenye ngiri, mwenye presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji karibuni azungumze na daktari wake kwanza.

Na sasa lile jambo dogo nililokuahidi: sahani zako. Sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kikikaa sakafuni kinakuwa kama sentimita 22 na nusu kutoka chini. Urefu huo ndio unaouona katika kila video unayojifunzia. Sahani za chuma za kilo 5 ni ndogo zaidi. Ukizitumia, chuma kinalala chini sana, pengine karibu na kifundo cha mguu, na wewe unalazimika kukifuata huko. Huenda unafanya zoezi gumu kuliko la mwalimu wako wa kwenye video, kwa mgongo ulioinama zaidi na nyonga zilizofika mwisho wa mwendo wake, kisha unajilaumu kwamba mgongo "umejipinda". Mwili ulikosa nafasi, basi.

Dawa yake ni nyepesi. Inua chuma. Weka chini ya kila upande sahani nyingine zilizolala, au vibao imara, au tumia vyuma vya usalama vya fremu, kile kizimba cha chuma cha kuchuchumalia, mpaka chuma kifike katikati ya muundi wako. Baadhi ya jimu zina sahani nyepesi zenye kipenyo kikubwa kilekile cha sentimita 45. Kama zipo, hizo ndizo zako. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo, yaani karibu sentimita mbili au tatu kutoka kwenye muundi. Inama ukishike bila kukisogeza. Sogeza magoti mbele mpaka miundi iguse chuma, inua kifua, vuta pumzi, kisha kivute chuma kidogo tu mpaka usikie mlio mdogo wa chuma kikigusa tundu la sahani na mikono imenyooka kabisa. Usirushe. Kuanzia hapo sukuma sakafu kwa miguu. Kile kimlio kidogo ni mwalimu mzuri sana: asiyekisubiri huanza kwa mshtuko, na mshtuko huo huukunja mgongo kabla hata sahani hazijaondoka.

Nikirudi kwenye fimbo ya mbao, nataka nikuondolee lawama. Ulifikiri unajenga msingi, na nia ilikuwa njema, lakini fimbo haina uzito wa kukufundisha kitu. Mwili hujifunza mizani kwa kusikia mzigo unataka kwenda wapi. Fimbo ikienda mbele kwa sentimita kumi husikii chochote. Chuma cha kilo 20 kikienda mbele kwa sentimita tatu vidole vyako vinabana sakafu papo hapo. Watu wengi hata hawawezi kuchuchumaa vizuri bila uzito, maana hawana cha kuwasawazisha wasianguke nyuma. Mpe mtu huyohuyo dambeli ya kilo 8 au 10 aikumbatie kifuani kwa mikono miwili, atashuka chini kuliko alivyowahi kushuka, na mgongo wake utatulia wenyewe. Ningekuwa nawe tangu mwanzo ningekuanzishia hapo. Hata sasa hujachelewa: wiki mbili au tatu za kuchuchumaa na dambeli kifuani zitakufaa kuliko miezi mitatu ya fimbo. Ukifikia dambeli ya kilo 16 hivi kwa marudio manane yaliyotulia, rudi kwenye chuma mabegani. Kumbuka chuma kitupu cha kawaida kina kilo 20, na kile chembamba cha wanawake kilo 15. Hata kikiwa kitupu, huo ni mzigo.

Uzito sahihi wa kujifunzia ni ule unaokuachia marudio mawili au matatu ambayo ungeweza kuyafanya ukilazimishwa. Ukiwa mwepesi kupita hapo, hufundishwi. Ukiwa mzito kupita hapo, mwili unatafuta njia za mkato na ndizo unazozizoea. Fanya seti tatu za marudio matano hadi manane, pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Seti zote tatu zikifanana, kwa maana ya rudio la mwisho kuonekana kama la kwanza ila polepole kidogo, wiki inayofuata ongeza kilo 2 na nusu kwa jumla. Zisipofanana, rudia uzito uleule. Katika wiki za mwanzo utaona nguvu zinaongezeka haraka hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mfumo wa neva ndio unaojifunza kuiamrisha kwanza. Furahi, lakini usidanganyike: kano zinazoshika misuli kwenye mifupa huimarika polepole zaidi. Ndiyo sababu ya kushikilia hizo kilo 2 na nusu hata siku unapohisi unaweza kumi.

Kuhusu kujirekodi, endelea, ila punguza. Kujitazama kila seti ukitafuta makosa kunakufanya uingie kwenye seti inayofuata na mambo matano kichwani, na hakuna binadamu anayeweza kusimamia mambo matano huku amebeba chuma. Rekodi seti moja kwa zoezi, ile ya mwisho, simu ikiwa pembeni yako kwa urefu wa nyonga. Itazame baada ya mazoezi, ukiwa na swali moja tu: chuma kilipanda na kushuka kwa mstari uliosimama juu ya unyayo? Basi. Siku nyingine uliza kama nyonga zilipanda pamoja na kifua. Chagua jambo moja la kurekebisha, likae kichwani kwa wiki mbili, ndipo uchague jingine.

Na jambo hilo liseme kwa lugha ya kitu kilicho nje ya mwili wako. Gabriele Wulf na wenzake wamelitafiti hili tangu mwaka 1998 katika michezo mbalimbali: anayeelekeza akili kwenye matokeo ya tendo lake kwa kawaida hujifunza vizuri kuliko anayeielekeza kwenye viungo vyake. "Sukuma sakafu iende mbali" hufanya kazi kuliko "kaza misuli ya mbele ya paja". "Chuma kifute vumbi kwenye suruali" hufanya kazi kuliko "rudisha mabega na ubane kwapa". Jaribu yote mawili ujionee.

Yule kaka wa jimu anakutakia mema, na mashine si adui. Zinajenga misuli vizuri kabisa, huhitaji kufikiria mizani, na siku umechoka au una kiungo kinachouma zinakuwezesha kuendelea. Kama lengo lako ni afya na nguvu tu, na vyuma vinakutia hofu isiyoisha, mtu anaweza kutumia mashine miaka yote na akanufaika. Tatizo ni lile neno "mpaka". Mashine inakushikia njia, kwa hiyo haiwezi kukufundisha kuishika mwenyewe. Miezi sita ya kusukuma miguu kwenye mashine itakupa mapaja yenye nguvu, na utarudi kwenye chuma ukiwa mwanafunzi vilevile. Mimi ningechanganya: anza na zoezi moja au mawili ya vyuma ungali na nguvu mpya, kisha malizia kwa mashine, hasa kuvuta kwa ajili ya mgongo wa juu na kukunja magoti kwa ajili ya nyuma ya paja.

Usalama wa mahali una uzito kuliko mkao, na video nyingi huuruka. Unapochuchumaa na chuma mabegani, fanya ndani ya fremu yenye vyuma vya usalama, uviweke chini kidogo tu ya pale chuma kinapofika ukiwa chini kabisa. Kisha, kwa chuma kitupu, shuka makusudi ukiache kitue juu yake, utoke. Fanya hivyo mpaka kisikutishe. Hofu nyingi ya wanaoanza huondoka siku hiyo. Kusukuma chuma ukiwa umelala benchini bila msaidizi na bila vyuma vya usalama usifanye kabisa. Ukiwa peke yako tumia dambeli, ukishindwa unazishusha pembeni. Na minyanyuo ya Olimpiki, ile ya kurusha chuma hadi juu ya kichwa kwa kasi, usijifundishe kwa video. Hiyo inahitaji jicho la mtu aliyesimama kando yako.

Tumalizie mgongo. Uchovu wa misuli hukaa pande zote mbili, ni wa kubana au kukaza, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, na hupungua ukitembea au ukipasha mwili moto. Ulivyoeleza hali yako inafanana na huo. Inua chuma kama nilivyokuelekeza, rekebisha pumzi, punguza dedilifti iwe mara moja kwa wiki kwa muda, na nategemea ndani ya wiki tatu au nne utahisi tofauti. Lakini maumivu makali yaliyokujia ghafla ukiwa umebeba, yaliyo upande mmoja, au yanayokuamsha usiku, hayo yasimamishie zoezi na umwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari. Vivyo hivyo maumivu yanayoteremka mguuni kupita goti, ganzi, au mguu kukosa nguvu. Ukipata ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho: mishipa ya fahamu ya chini ya uti inaweza kuwa imebanwa, na kila saa ina thamani. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa zoezi ni dharura vilevile.

Je, kocha ni lazima? Si lazima, ila vipindi viwili au vitatu vya ana kwa ana vinaweza kukuokolea miezi, na havina sharti la kuwa mkataba wa mwaka. Ningevitafuta hasa kama baada ya wiki sita za haya niliyokueleza mgongo bado unachoka kuliko miguu, au bado unaona mgongo ukijikunja kwenye uzito mwepesi chuma kikiwa kimeinuliwa. Kocha mzuri atakuuliza historia ya afya yako kabla ya kukugusa, atakutazama seti nzima akiwa kimya, kisha atakupa jambo moja la kubadilisha na kutazama tena. Akikupa makosa saba kwa mpigo, au akakuongezea uzito ili akuoneshe unaweza, mshukuru utafute mwingine. Mweleze hali ya mgongo kabla hujashika chuma, na mwombe aanze kwa kukutazama dedilifti. Kuchuchumaa kwako, kwa haya uliyoniandikia, kunaweza kusubiri kipindi cha pili.